Kabla ya Kumwita Mwanafunzi Mwongo

Wahadhiri ninaokutana nao siku hizi, hata tukiwa tumekutana kuzungumzia riwaya, hawamalizi chai kabla ya kuniuliza: hivi nitajuaje kama kazi hii ameandika mwanafunzi mwenyewe au imeandikwa na ChatGPT? Wanauliza kama mtu anayemuuliza fundi simu. Wanataka jina la programu, mahali pa kubonyeza, asilimia. Mimi naona swali lenyewe si la fundi. Ni swali la maadili: una haki gani ya kumshuku mtu uliyekabidhiwa umfundishe? Na ukishamshuku, unadaiwa nini kabla ya kufungua mdomo?

(Makala za namna hii huwa zinamleta Sokrate na malalamiko yake juu ya maandishi. Leo nampumzisha mzee wa watu.)

Tuanze kwa kukubaliana kwamba udanganyifu upo, na si mgeni. Aliyepita chuo chochote cha Tanzania anajua desa ni nini, na anajua kudesa ni nini. Wakenya wana mwakenya, kile kikaratasi cha kuingia nacho kwenye mtihani, jina walilolichukua kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo vipeperushi vyake navyo vilifichwa. Nairobi hiyohiyo imekuwa kwa miaka mingi soko la wahitimu wasio na ajira wanaowaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza; filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, inahusu watu hao. Kwa hiyo ChatGPT ilipotoka tarehe 30 Novemba 2022 haikuleta dhambi mpya. Ilichofanya ni kushusha bei na kuondoa mashahidi. Zamani ili uandikiwe kazi ulihitaji rafiki, au hela, au kijana wa steshenari aliyetunza kazi za mwaka jana. Walau mtu mmoja mwingine alijua. Sasa hivi unahitaji bando la shilingi mia tano tu, na hajui mtu.

Hapo ndipo vyuo viliposhtuka, na aliyeshtuka hununua haraka. Zikaja programu za kubaini maandishi ya akili mnemba (wengine wanasema akili unde, wanaisimu wamalizane wenyewe). OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa ya kwake Januari 2023, na Julai mwaka huohuo ikaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Tafakari hapo kidogo. Wenye mashine walishindwa kuitambua sauti ya mashine yao. Turnitin, ambayo vyuo vingi duniani vilikuwa tayari vinaitumia kukamata kazi za kunakili, ikaongeza kipimo chake Aprili 2023. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani kikakizima. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mwaka 2022 walipitisha kwenye Turnitin kazi 75,000, kama kipimo kinakosea kwa asilimia 1 tu, kiwango ambacho kampuni yenyewe ilikitaja, basi kazi kama 750 za watu wasio na kosa zingepigwa muhuri wa udanganyifu. Asilimia 1 ni ndogo mpaka uwe wewe.

Huko Texas, Mei 2023, mhadhiri mmoja alikwenda mbali zaidi. Alizibandika insha za darasa lake ndani ya ChatGPT na kuiuliza: hii umeandika wewe? Ikajibu ndiyo. Akawaandikia wanafunzi kwamba wamekamatwa, alama zikazuiwa, wengine wakiwa wameshamaliza masomo. Tatizo ni kwamba ChatGPT haikumbuki ilichomwandikia nani. Ukiiuliza, inakubali kwa upole uleule inaokubalia mambo mengine.

Sasa hivi vipimo vinafanyaje kazi? Nikisema "maji yakimwagika", wewe msomaji umeshamalizia "hayazoleki" kabla sijafika. Neno linalofuata linatabirika. Programu hizi, kwa sehemu kubwa, zinapima kitu hicho: kama kila neno ni lile ambalo yeyote angelitarajia, zinasema hapa pana mashine, kama maneno yanashtusha, sentensi zinapanda na kushuka, zinasema hapa pana mtu. Linaonekana wazo zuri mpaka ujiulize ni watu gani huandika kwa maneno yanayotabirika. Ni yule aliyejifunza lugha ukubwani, kwa kitabu kimoja, kwa mwalimu mmoja, akiogopa kukosea. Watafiti wa Stanford walilipima hilo mwaka 2023. Walichukua insha 91 zilizoandikwa kwa ajili ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, wakazipitisha kwenye programu saba. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane zilipita karibu zote bila kuguswa.

Unaona inakoelekea. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania anasoma msingi wote kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa kuanzia leo kila kitu ni Kiingereza. Anafanya nini? Anakariri. Anakariri namna ya kuanza aya, namna ya kuunganisha hoja, namna ya kuhitimisha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyopewa alama. Baada ya miaka sita anafika chuo na Kiingereza kilichonyooka kama kanzu ya Ijumaa, halafu programu iliyotengenezwa mbali inamwambia: hiki si cha binadamu. Aprili 2024 mwekezaji wa teknolojia Paul Graham aliandika mtandaoni kwamba neno la Kiingereza "delve" ni dalili kuwa aliyeandika ni ChatGPT. Wanijeria wakamjia juu kwa maelfu. Kwao hilo ni neno la kawaida, walifundishwa shuleni. Nilicheka sana siku ile, ila kicheko kilikuwa na uchungu, kwa sababu Graham hana mamlaka ya kumfelisha Mnijeria yeyote. Mhadhiri anayo.

Mwaka jana binti wa shangazi yangu, yupo mwaka wa pili chuo ambacho sitakitaja, aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi yenye namba: 78%. Mazungumzo, kwa jinsi alivyonisimulia, yalikuwa mafupi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Hii kazi uliandika mwenyewe?"

"Ndiyo madam."

"Mashine inasema hapana."

Akanyamaza. Angejibu nini? Akishtakiwa kwamba alinakili kitabu fulani, unaweza kuleta kitabu na kukifungua, watu wakalinganisha. Akishtakiwa na asilimia, hakuna kitabu cha kufungua. Alikuwa na kauntabuku lake lenye rasimu ya mkono, limejaa mishale na mistari iliyokatwa, lakini liko hosteli, na hakuulizwa. Madam hakuwa mtu mbaya, hata binti mwenyewe anasema hivyo. Alikuwa na kazi zaidi ya mia mbili na wiki moja. Kitu kimoja tu hakuwa amekifanya: kuisoma hiyo insha. Binti alijua kwa sababu alipouliza ni sehemu gani inayotia shaka, madam alitazama ile namba tena.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kwenye kazi yetu kuna utaratibu ambao mhariri yeyote mwenye akili zake atakuuliza kabla habari haijatoka: umempigia? Ukitaka kuandika kwamba diwani kala hela ya kisima, hata kama una risiti tatu, lazima umtafute diwani aseme lake. Haijalishi kama unaamini ana hatia. Kumpigia si kumhurumia. Ni sehemu ya kuujua ukweli wenyewe, kwa sababu nyaraka hazijielezi. Sasa nashangaa: taaluma yetu, ambayo watu wanaidharau kila siku, inampa diwani mwizi nafasi ya kujibu, halafu chuo kinampa mwanafunzi namba. Turnitin wenyewe wanasema alama ya kipimo chao isitumiwe peke yake kumwadhibu mtu. Kampuni inayouza kipimo inatahadharisha kuliko anayekitumia.

Wapenzi wa riwaya mtamkumbuka Zakaria wa Rosa Mistika. Kezilahabi alikichapisha kitabu hicho mwaka 1971, nacho kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Zakaria anamlinda Rosa kwa fimbo. Barua ya mvulana inatosha kumpiga. Hakai naye chini hata siku moja amuulize anawaza nini. Rosa akitoka nje ya macho ya baba hana chochote ndani yake cha kumwongoza, maana alichofundishwa ni kuogopa kukamatwa tu. Huwa tunaisoma riwaya hii kama kisa cha malezi ya binti. Nikiisoma sasa naona pia maelezo ya taasisi nyingi tulizonazo. Mwanafunzi anayejua kwamba kazi yake itapimwa na mashine anajifunza kuishinda mashine: anapitisha insha kwenye programu nyingine ya kuifanya ionekane ya binadamu, zipo tele, anachomeka kosa la sarufi hapa na pale, mchezo umekwisha. Aliyeandika kwa mkono wake hajui hata kwamba anatakiwa kujificha. Anayenaswa ndiye mkweli.

Lakini nisijifanye sioni upande wa pili, maana una uzito. Wanasheria wanapenda ile kanuni ya Blackstone, Mwingereza wa karne ya 18, kwamba heri wenye hatia kumi waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia aumie. Rafiki yangu anayefundisha famasia aliniambia wazi: kanuni hiyo iishie mahakamani. Wale kumi wakiponyoka darasani kwake, miaka miwili baadaye wanasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na anayeumia ni mgonjwa. Na kuna yule mwanafunzi aliyekesha mpaka saa tisa usiku na kitabu, akapata B, wakati jirani yake aliyelala saa nne amepata A. Huyo naye ana haki. Ukimwambia "tuwaamini tu wanafunzi" atakuona unamtukana.

Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu. Nadhani ina kweli moja na kosa moja. Kweli ni kwamba mwalimu anadaiwa na mgonjwa asiyemjua, si na mwanafunzi peke yake. Kosa ni kudhani kipimo kinalilipa deni hilo. Mfamasia asiyejua dozi ya mtoto humkamati kwa asilimia. Unamkamata kwa kumuuliza dozi ya mtoto. Ukimuuliza akajua, basi anajua, hata kama alisaidiwa kupanga sentensi. Asipojua, hajui, hata kama kila neno kaliandika kwa mkono wake.

Kwa hiyo nikiulizwa mbinu, na huwa naulizwa, ninazozisema ni zile nilizoona wahadhiri wanazifanya, na zote zinarudi kwenye kumjua mtu. Wa kwanza anafundisha fasihi. Wiki ya kwanza ya muhula anawaandikisha darasani nusu saa, kwa kalamu, jambo lolote: nyumba waliyokulia, kitabu walichokichukia. Hatoi alama. Anazisoma zote. Nilimuuliza kama ni sampuli ya kuja kuwakamatia baadaye, akakunja uso. Alisema ni ili akisoma kazi ya mwezi wa pili awe anasoma ya mtu, si ya namba ya usajili.

Huyohuyo ameacha maswali ya "Jadili dhamira za riwaya hii". Swali la namna hiyo limejibiwa mara elfu, madesa yake yalikuwepo kabla ya mashine, na kusema kweli lilikuwa swali bovu hata kabla ya 2022. Sasa anauliza: chagua ukurasa mmoja wa Rosa Mistika ambao ungeukata, utetee uamuzi wako mbele ya mtu anayeupenda. Au: mwulize mwanamke wa umri wa mama yako kuhusu ulinzi wa mabinti enzi zake, kisha urudi kwa Zakaria. Mwanafunzi anaweza kuipa mashine swali hilo, ndiyo. Itamtungia na huyo mama, na itamtungia hata nukuu ambazo hazimo kitabuni, maana hodari wa kutunga ni yeye. Ila ukimwuliza mwanafunzi, "Huyo mama alikuwa amekaa wapi mlipozungumza?", utajua mara moja.

Wengine wanataka kazi ije kwa hatua: swali, mpangilio wa hoja, rasimu, ya mwisho. Anayeandika kwenye Google Docs anaweza kufungua historia ya matoleo na kuonyesha insha ilivyokua siku kwa siku. Hiyo ni silaha ya mwanafunzi zaidi kuliko ya mwalimu, na ningependa wanafunzi waijue kabla hawajaitwa ofisini. Lakini msiifanye sharti. Wengi wanaandika kwa simu, umeme unakatika, bando linaisha, mwingine anaanzia kwenye kauntabuku kama binti wa shangazi. Rasimu ya mkono iliyopigwa picha na kutumwa WhatsApp ina thamani ileile. Na kwenye kila swali mwandike wazi kinachoruhusiwa. Kurekebisha sarufi sawa? Kutafsiri sawa? Kupata wazo la kuanzia? Mwanafunzi ambaye hajaambiwa mpaka uko wapi, ukimwadhibu kwa kuuvuka umemtegea.

Hilo la mpaka linamhusu na mwalimu. Mei 2025 New York Times liliripoti juu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, aliyekuta maneno ya maelekezo kwa ChatGPT yamesahaulika ndani ya notisi za profesa wake, profesa ambaye masharti ya somo lake yaliwakataza wanafunzi kuitumia bila ruhusa. Aliomba arudishiwe ada ya somo hilo, zaidi ya dola 8,000. Chuo kilikataa. Sisemi mwalimu asiitumie. Kuandaa maswali ya mazoezi au kupanga ratiba sioni ubaya. Ila kama umeipa mashine insha ya mtoto wa watu iisome, ikupe na maoni ya kumwandikia, basi ile ofisi yenye karatasi ya 78% imegeuka, na anayepaswa kukaa kile kiti cha upande wa pili ni wewe. Aliandika akitarajia mtu atasoma.

Mbinu niliyoiona ina nguvu kuliko zote ni ya zamani kuliko vyuo: kuzungumza. Dakika tano, mwanafunzi na kazi yake, maswali mawili matatu. Ni lugha gani? Wale wenye busara wanasema yoyote. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, kijana wa mwaka wa kwanza akijikongoja kwa Kiingereza huku mwalimu akitazama saa. Akaambiwa, "Sema kwa Kiswahili tu." Aliongea dakika kumi na mbili, akampinga mwandishi aliyemnukuu, akachora mchoro nyuma ya karatasi. Insha yake ilikuwa imenyooka na haina ladha, kile Kiingereza kinachotabirika nilichokieleza juu. Aliijua yote.

Lakini hesabu inaniumiza kichwa. Darasa la watu sitini, dakika tano kila mmoja, ni saa tano. Inawezekana ndani ya wiki. Darasa la mia tatu ni saa ishirini na tano, na madarasa ya kwanza katika vyuo vyetu vikubwa hayaishii mia tatu. Wengine wanachagua kwa bahati nasibu wanafunzi ishirini kila kazi, majina yanatolewa kwenye kofia mbele ya wote, kila mtu anajua anaweza kuitwa na hakuna anayeitwa kwa kushukiwa. Hilo la mwisho nalipenda: kuitwa hakuna aibu. Wengine wanawagawia wahadhiri wasaidizi kwenye semina. Kila njia inagharimu muda wa mtu, na chuo kinapokuwa na hela huwa kinanunua programu kwanza, kwa sababu programu ina risiti na muda wa mwalimu hauna.

Yule rafiki wa fasihi anafundisha vyuo viwili kwa mkataba wa muda, analipwa kwa saa za darasani. Nilimuuliza hizo insha za wiki ya kwanza anazisomea wapi. Kwenye daladala, akasema, Mbagala mpaka Mwenge, akipata siti. Mkataba wake una kipengele cha kuhudhuria mafunzo ya kutumia kipimo cha akili mnemba, na siku hiyo kuna posho. Saa za kusoma hazimo.